Honolulu hadi Auckland: Umbali Uliobaki, Safari Iliyopungua

Umbali wa anga kati ya kiwanja cha ndege cha Honolulu, katika kisiwa cha Oahu, na kile cha Auckland, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, ni takriban kilomita 7,090, zikipimwa kwa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia iliyo mviringo. Ndege za leo huumaliza kwa saa 9 hivi bila kutua, jambo lililokuwa gumu kuaminika kwa waliokulia kwenye atlasi za shule za Afrika Mashariki, ambazo huipasua Bahari ya Pasifiki na kuuweka mji mmoja ukingo wa kushoto na mwingine ukingo wa kulia, kana kwamba dunia nzima imelala kati yake.

Mwaka 1937 hapakuwa na ndege ya abiria iliyoweza kubeba mafuta ya kuvuka maji yote hayo kwa mkupuo mmoja, na ndiyo sababu Kapteni Edwin Musick wa shirika la Pan American, alipoipima njia hiyo kwa ndege ya majini, yaani ndege yenye tumbo kama la mashua, alitua kwanza Kingman Reef, mwamba wa matumbawe unaochomoza kidogo tu baharini, ambako kituo chenyewe kilikuwa meli iliyotia nanga, kisha Pago Pago huko Samoa. Tarehe 11 Januari 1938 ndege yake, Samoan Clipper, ilikuwa ikirudi Pago Pago kwa sababu ya kuvuja oili ilipolipuka, wakafa wote 7 waliokuwamo.

Njia ilifunguliwa tena Julai 1940 kwa ndege za Boeing 314, zilizopitia kisiwa cha Canton na mji wa Nouméa. Mwendo wao wa kilomita 300 hivi kwa saa hautoshi kueleza kwa nini safari ilikula siku kadhaa. Kilichozila siku hizo ni kutua, kujaza mafuta na kuwalaza abiria. Kwa hiyo ni kosa kusema kwamba jeti ilileta kasi tu, kwani ilifuta pia vituo: Desemba 1965 ndege za DC-8 kutoka Auckland zilikuwa bado zinatua Nadi, Fiji, kabla ya Honolulu, na baadaye hata Nadi ikarukwa.

Kalenda nayo ina vituko vyake. Anayeondoka Honolulu Jumatatu saa 6 mchana huvuka mstari wa tarehe, yaani mpaka wa kufikirika unaozitenga siku mbili, na kufika Auckland Jumanne saa 1 jioni, ilhali anayerudi usiku hufika asubuhi ya siku ileile aliyoondoka.

Kisiwa cha Canton, kile kituo cha zamani cha Boeing 314, ambacho sasa huandikwa Kanton na ni sehemu ya Kiribati, ndicho kisiwa pekee chenye wakazi katika Visiwa vya Phoenix, na wakazi hao hawafiki 100.