Lokole inasema, tusiifunike

Huku kwetu Kisangani, kucheza hakuombi ruhusa. Ndoa, kutoa matanga, sikukuu ya masomo: watu wanafanya duara, na mguu unajua kazi yake. Kwa hiyo, wakati wanafunzi wangu wa sekondari waliniambia wanataka kufunga mwaka na mchezo wa Walokele wenye kuchanganywa na salsa, nilikubali palepale.

Niliwapa hata somo. Niliwaeleza kwamba watu wa Kongo walipelekwa Kuba kwa utumwa, wakaenda na midundo yao. Toka miaka ya 1930, disiki za G.V. zilirudisha muziki wa Kuba huku kwetu, na ndani yake wazee wakasikia kitu cha nyumbani. Salsa nayo ilikomalia New York, kwa mikono ya watu wa Kuba na wa Puerto Rico. Rumba yetu, ndugu yake, UNESCO iliiandika katika urithi usioshikika wa binadamu mwezi wa 12, mwaka 2021. Basi, kuchanganya si zambi.

Siku ya mazoezi tulimwita mzee mmoja Mlokele aje na lokole yake. Vijana wakafungulia salsa kwa nguvu yote. Mzee alipiga kidogo, kisha akaweka fimbo chini.

«Mwalimu, lokole yangu haipige kelele tu. Inasema. Sasa munaifunga kinywa.»

Alikuwa na haki. Lokole ina sauti mbili, ya juu na ya chini, sawa vile kilokele chenyewe. Mwezi ni songe, kuku ni koko: maneno yote mawili yako na sauti moja, juu-juu. Juu ya ile mupigaji anaongeza maneno: mwezi unaotazama chini duniani, kuku mdogo mwenye kusema kiokio. Mmisionari Carrington wa Yakusu aliandika mambo hayo katika kitabu cha mwaka 1949. Mimi nilikuwa nimeyasoma. Kuyasikia, hapana.

Mzee akaniuliza mbele ya watoto: «Na wewe, jina lako la lokole ni gani?»

Zamani kila mtu alikuwa nalo, na jina la baba yake ndani yake. Baba yangu alikufa bila mimi kumuuliza. Nilinyamaza. Wanafunzi waliniangalia, na hakuna aliyecheka.

Tukabadilisha mpango. Siku ya sikukuu, lokole ilisema yenyewe kwanza, uwanja wote kimya. Kisha gitaa, kisha salsa, duara likazunguka; kila mara muziki uliposimama, lokole ikajibu. Ilikuwa nzuri sana. Lakini niliona kitu kimoja: mzee alipopiga maneno ya kuchekesha, walicheka wazee watatu tu, kule nyuma. Sisi wengine tulingoja watufasirie.

Salsa haitaua lokole. Kinachoiua ni masikio yetu. Kama baba yako au mjomba wako angali hai, nenda umuulize jina lako wiki hii, na uliandike. Mimi nimeomba mzee yule anitungie lingine. Amekubali, lakini alisema wazi kwamba ya baba yangu hawezi kuiweka ndani, kwa sababu hakuisikia.