Neno Nililoliruka

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilipokuwa shuleni nilipenda kuipamba insha yangu kwa methali hii, nami nikasifiwa. Lakini maana yake hasa sikuijua mpaka mwaka 2012, na aliyenifunza hakuwa mwalimu. Lilikuwa ni shimo.

Kwetu ni Kieni, katika Nyeri, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mgeni apitaye njia ya Kiganjo kwenda Naro Moru huutazama mlima ule wenye urefu wa mita 5,199, akadhani kwamba wakaao chini yake hawajui kiu. Kumbe mawingu humwaga mvua yao upande wa kusini na mashariki, sisi tukaachiwa upepo. Baada ya ukame wa mwaka 2011, jamaa kumi na wawili wa kijiji chetu, baba yangu akiwa mmoja wao, walikusudia kuchimba kisima kirefu kwa mashine.

Kwanza alikuja mpimaji na chombo cha kupitisha umeme ardhini. Alinieleza kwamba mlima wetu ulitema moto zamani, na kwamba maji hujificha katika nyufa za mawe yale, na katika udongo wa kale uliofunikwa kati ya tabaka moja la mawe na jingine. Penye maji umeme hupita kwa urahisi. Lakini hupita vivyo hivyo penye udongo wa mfinyanzi usiotoa hata tone. Kwa hiyo chombo hakiyaoni maji, bali hukisia tu.

Taarifa yake ililetwa kwa Kiingereza. Nami nilikuwa kidato cha pili, basi wazee wakanitaka niwasomee mkutanoni kwa lugha yetu. Iliandikwa kwamba huenda maji yangepatikana kati ya mita 150 na 180. Nikainua macho, nikamwona bibi mmoja jirani, ambaye kila alfajiri aliteremka mtoni na punda wake. Nikasema, "Maji yako mita mia na hamsini." Neno "huenda" nililiruka. Sikukusudia kudanganya, niliona ni neno dogo, tena la kuharibu furaha. Wazee walipiga makofi. Juma lile baba akamwuza mtamba wetu, ambaye ndiye aliyekuwa karo yangu.

Siku chache baadaye, tarehe 26 Machi, redio ilitangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kiitwacho Ngamia 1. Aliyetangaza ni Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya katika Nyeri yetu. Alisema pia kwamba huo ulikuwa mwanzo tu wa safari ndefu, lakini maneno hayo hayakufika mbali. Sokoni Karatina niliwasikia watu wakihesabu jinsi bei ya petroli itakavyoshuka, na mmoja akiulizia kiwanja Lodwar, mji asioujua. Niliwacheka moyoni, wala sikujua kwamba najicheka mwenyewe.

Mwezi wa Aprili mashine ikaja. Kufika mita 150, lilitoka vumbi la kijivu. Mita 180, vumbi. Wazee wakakopa fedha za mita ishirini zaidi, likatoka vumbi lile lile. Fundi akazima mashine. Yule bibi alichota vumbi kiganjani, akalisugua kwa kidole, akasema polepole, "Lakini kijana wetu alisema yako." Hakukasirika. Laiti angalikasirika!

Usiku ule nilimwungamia baba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ungalilisoma neno lile, labda tungalichimba vilevile. Lakini mtamba ningalimwacha zizini." Muhula wa pili niliukaa nyumbani.

Sisemi kwamba watu wasitafute. Asiyechimba hapati, na hakuna achimbaye bila kutumaini. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana ilitoka Mombasa mwaka 2019, baada ya kubebwa kwa malori. Hata hivyo, mpaka mwaka 2025 uchimbaji wa biashara ulikuwa haujaanza. Wataalamu walijua tangu awali kwamba kisima kimoja si utajiri. Lakini habari ipitapo kinywa hadi kinywa, neno "huenda" ndilo huanguka kwanza, mpaka ikamfikia mtu wa mwisho kama ahadi. Naye ndiye auzaye mtamba.

Shimo letu limefunikwa kwa bamba la chuma, na kila niendapo nyumbani hulipitia. Ndugu msomaji, wewe uliyepata elimu, siku moja utapewa karatasi uwasomee wasioijua lugha yake. Watakutazama kwa macho ya kiu. Wasomee yote, na lile neno dogo ulitamke kwa sauti.