Kabla ya Kamera, Tucheze Kwanza

Leo nazungumzia mchezo, ila si porojo za kupitisha wakati.

Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika lenye makao makuu Nairobi, liliungana na Mojang, kampuni ya Uswidi iliyotengeneza Minecraft. Mradi wao, Block by Block, ulijaribiwa mapema Kibera, ambako wakazi walipanga uwanja wa Silanga ndani ya mchezo huo wa kompyuta. Njia hiyo baadaye imetumika katika nchi zaidi ya 30.

Siri yake ni ndogo. Ramani ya mhandisi husomwa na mhandisi, lakini ukuta wa matofali kwenye skrini kila mtu anauona. Ukikosea unaubomoa, na hakuna saruji iliyopotea.

Kwetu Ukambani hili lina uzito. Konza, mji wa kidijitali uliozinduliwa mwaka 2013, ulianzia kwenye ekari 5,000 za ranchi ya Malili. Mji wa Kitui haukuanza hivyo, tayari una wenyewe: wachuuzi wa Kalundu, bodaboda, akina mama wenye mitungi. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, lakini mkutanoni unapewa kurasa za tarakimu, na wanaosimama kusema ni wale wale.

Basi pendekezo langu, na halihitaji kompyuta. Chukua katoni, chora mji. Kila mchezaji apewe vifuniko 10 vya soda, vile vya kuchezea drafti. Taa ya sola ni kifuniko 1, mita ya maji ya kulipia kwa simu 3, kamera ya barabarani 4. Wakishamaliza kupanga, vuta kadi: "Mtandao umepotea siku mbili. Maji yatatoka?" Vuta nyingine: "Kamera imekunasa ukiingia kliniki. Nani ataiona picha?"

Hapo mama wa sokoni anajadili Sheria ya Kulinda Data ya 2019 bila kuisoma. Sisi tunaoandika programu tungesikia maswali hayo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, si baada ya nguzo kusimamishwa.

Sharti ni moja. Matokeo yaandikwe, na ofisi ijibu kwa maandishi imekubali nini, imekataa nini na kwa nini. Bila hivyo, mchezo ni peremende ya kuwanyamazisha watoto. Ukialikwa kucheza, uliza kwanza: vifuniko vyetu vitahesabiwa wapi?