Kaye Nne za Dada Yangu

Kwetu Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, mtu akisema anataka talaka, wazee huuliza kwanza habari ya mahari: nani aliipokea, nani alikuwa shahidi, mbuzi walikuwa wangapi. Tribinali ina swali jingine: karatasi ziko wapi? Dada yangu mkubwa amezunguka kati ya maswali hayo mawili kwa karibu mwaka mzima, na mimi, kwa kuwa ndimi niliyesomea lugha katika jamaa yetu, nikafanywa karani wake.

Sheria yenyewe si ngeni. Kitabu cha Sheria za Jamaa kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, kikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Talaka hutolewa na hakimu, tena baada ya kujaribu kuwapatanisha wenye ndoa. Kikao cha wazee chini ya mwembe hakitoshi, hata kama kimechinjiwa mbuzi. Tangu marekebisho ya 2016 mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Kuhusu mali, wanaooana huchagua utaratibu mmoja kati ya mitatu: kila mtu abaki na chake, au vyote viwe vya wote wawili, au vile tu vilivyopatikana ndani ya ndoa ndivyo viwe vya pamoja. Wasipochagua, huu wa mwisho ndio unaowahusu. Sijamwona mtu wa kijijini kwetu aliyechagua.

Neno la Kifaransa kwa mali hiyo ni "acquêts", nasi tumezoea kusikia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Nilipomweleza dada, hakusubiri nimalize. "Unasema mali tuliyochuma," akasema. Kuchuma, kama mtu achumavyo maharagwe shambani kwa mikono yake. Mwalimu wangu wa tafsiri angefurahi.

Basi tulianza kutafuta kilichochumwa. Shemeji yangu huchimba dhahabu upande wa Salamabila. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hupimwa kwenye mizani ndogo, hulipwa taslimu, na hakuna anayetoa risiti. Ukimwuliza mume mbele ya hakimu alipata kiasi gani, atasema hakupata kitu, na shimo la dhahabu halitoi ushahidi. Lakini fedha ikitumwa nyumbani kwa simu huacha alama. Dada alikuwa hajafuta ujumbe hata mmoja. Tulikaa jioni tatu tukinakili kwenye kaye: tarehe, saa, kiasi, namba ya aliyetuma, namba ya muamala. Laini ya simu tuliifunga ndani ya plastiki, kwa sababu nakala bila asili yake ni maneno tu.

Kaye ya pili ilikuwa ya biashara yake ya mafuta ya mawese: bidoni zilizonunuliwa, zilizouzwa, wanaodaiwa. Ya tatu ni ya kikundi cha akiba, na hiyo ndiyo iliyonipa moyo. Kila juma wanawake wanaweka hisa zao mbele ya wenzao, katibu anapiga muhuri, na mkopo unaandikwa pamoja na sababu yake. Kwenye ukurasa wa Machi 2011 pameandikwa kwamba dada alikopa "kwa kununua mabati". Maneno matatu, yameandikwa na mwanamke aliyeishia darasa la sita. Nimesoma insha nyingi za wasomi zisizo na uzito huo.

Ya nne ni ya watoto: vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, na risiti za shule za miaka kabla ya masomo ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019. Hapo palikuwa na kazi ndogo. Mama huyu hatupi karatasi.

Ugumu ulitokea kwenye tarehe. Ndoa ilifungwa mbele ya jamaa mwaka 2009, nyumba ikajengwa 2011, lakini kuandikishwa kwa ofisi ya serikali kulifanyika 2013, mtoto wa kwanza alipohitaji cheti. Shemeji akashika hapo: ndoa ni ya 2013, nyumba niliijenga nikiwa kijana peke yangu. Ukikubali hesabu hiyo, dada anatoka na sufuria zake. Sheria yetu inaitambua ndoa iliyofungwa mbele ya jamaa kwa desturi, na kuandikishwa huja baadaye. Ila lazima uonyeshe kwamba ilifungwa, na lini.

Baba mdogo ndiye aliyetuokoa. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya shati la Noeli, palikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye kaye ya shule: mbuzi wanne, vitenge viwili vya mama mkwe, panga la mjomba, na fedha, sehemu imelipwa na sehemu inadaiwa. Chini kuna tarehe, majina ya mashahidi wa pande zote mbili, na alama za dole gumba za wale wasiojua kuandika. Deni la mahari, ambalo kwa miaka lilikuwa aibu ya shemeji, ndilo lililofanya ukurasa ule utunzwe. Angelimaliza kulipa, pengine tungewashia moto.

Siku ya mashahidi, kapita wetu alisema kwa Kiswahili: "Nyumba ile ni yake, mimi nilimwona akibeba mchanga." Alikuwa anamtazama dada. Karani akaandika kwa Kifaransa kwamba nyumba ni ya Bwana. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini faili huandikwa kwa lugha rasmi, na kinachobaki ni faili. "Yake" ya kwetu haisemi kama ni ya mume au ya mke. Kifaransa nacho hakisemi: "sa maison" ingebaki na fumbo lilelile, na hakimu angelazimika kuuliza. Karani alikuwa amelifumbua fumbo kwa mazoea yake. Dada hajui Kifaransa, lakini aliomba asomewe kwa Kiswahili kabla kapita hajaweka sahihi. Kapita akasikia, akatikisa kichwa. "Mchanga aliubeba huyu mwanamke, akiwa na mimba." Mstari ukafutwa, ukaandikwa upya, na wote wakatia sahihi pembeni.

Usiku nilitaka kumwandalia maelezo yake kwa Kiswahili sanifu, yenye mpangilio. Akanizuia. "Mdogo wangu, andika nilichosema. Nikiulizwa kesho, nitajibu kwa maneno yangu, hayo mazuri yako sitayakumbuka."

Kesi haijaamuliwa, imeahirishwa mara mbili. Juma lililopita aliniagiza kaye ya tano, ya kurasa mia, kwa ajili ya nauli za pikipiki, fotokopi na chakula cha mashahidi. Ukurasa wa kwanza ameujaza tayari, na bei ya kaye yenyewe ameiandika juu kabisa.