Neno la Mmoja Njiani



Jamaa zetu wa Mwambao hutuuliza sisi tuliohamia Kisumu tunakhofia nini safarini, ilhali hatuna bahari ya kuvuka. Jibu letu ni milima. Mamboleo ni njia panda: barabara moja hupanda Riat kuelekea Kakamega, nyingine hupita katikati ya miwa ya Miwani hadi Chemelil, na kutoka hapo mtu hukwea kwenda Nandi. Masika yakikolea, udongo wa miteremko hulemewa na maji, na kilima kilichosimama miaka na dahari huweza kuporomoka kwa dakika chache.

Hayo yamekwisha kutokea. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi yaliwaua watu zaidi ya 40, na madaraja yaliyosombwa yakawachelewesha waokoaji. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh, Tanzania. Waliofariki walizidi 80. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuilika chini ya reli yalifumka kabla ya alfajiri, yakawakuta watu wamelala.

Siku chache baada ya msiba huo wa mwisho tulialikwa harusi Kapsabet. Tulipofika Chemelil, mvua ilikuwa imekesha juu ya milima, mto umekuwa mwekundu kwa udongo, na magari yaliyoteremka yalitupa habari za mawe barabarani. Mmoja wetu, mdogo kuliko sote, akasema, "Turudini." Dereva alicheka. Shemeji zetu walinuna. Tulirudi, nauli ikapotea, na nikaha tukaikosa. Siku ile barabara haikuporomoka, na hadi leo tunataniwa kwa hilo. Hata hivyo, tungerudi tena.

Katika nchi za theluji, ambako milima humwaga theluji kama yetu inavyomwaga udongo, wasafiri wana desturi tunayoipenda. Husoma kwanza tangazo la hatari, ambalo Ulaya hupangwa kwa daraja 5. Penye mteremko wa kutisha huvuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama, ili janga lisiwazoe wote. Kisha hukubaliana kabla ya kuondoka kwamba neno la mmoja la kukataa latosha kuwarudisha wote, wala haulizwi kama ni mwoga. Kwetu mwanamke akisema "turudi", huambiwa ana moyo mwepesi, na mtoto hanyamaziwi akasikilizwa. Hapo ndipo roho hupotea.

Basi tumewekeana masharti. Kabla ya safari ya milimani husikiliza taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa, na humpigia simu aliyeko huko juu. Hatusafiri usiku wakati wa mvua kubwa. Hatuegeshi gari chini ya genge. Tukiona nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, au kijito kilichobadilika ghafla kuwa tope au kukauka huku mvua ikinyesha, tunaondoka upesi, tukielekea pembeni na juu, mbali na bonde. Maji yapitayo juu ya barabara hatuyavuki, kwa kuwa kina cha sentimita 30 tu chaweza kuisukuma gari ndogo.

Kuna wanaotuambia kwamba ajali ni kudura. Ni kweli, na ngamia naye hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Dada zetu, kabla ya safari ijayo, wakalisheni waume na watoto mkubaliane: nani ana haki ya kusema "turudi"? Jibu liwe ni kila mmoja, hata yule mdogo kabisa. Kawia ufike.