Dhamana ya Shilingi 10,000

Vijana wa uandishi huniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana: makachero, na fomu.

Niliingia katika jarida dogo la Nairobi baada ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao, kila mwenye macho akauona mstari mrefu, kisha mahali pengine akatangazwa mshindi mwenye mstari mfupi. Beyond, jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa, liliyaandika hayo kinagaubaga, likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Hakushtakiwa kwa uchochezi wala kwa uongo. Kosa lake lilikuwa kutowasilisha serikalini taarifa za mauzo ya jarida.

Mhariri wetu alilielewa somo hilo upesi, akaajiri mhasibu kabla ya kuongeza mwandishi. Sheria ilidai dhamana ya shilingi 10,000, nakala za matoleo kwa Msajili wa Vitabu na Magazeti, na taarifa za mauzo kwa wakati. Mama yule mhasibu alitusumbua kuliko serikali. Rais tulikuwa huru kumwandika tutakavyo, alisema, ila risiti za safari azione mezani Ijumaa.

Lakini waliotubeba hasa ni wachuuzi wa magazeti. Jarida likishapigwa marufuku katika Gazeti Rasmi la Serikali, hata kupatikana na nakala yake lilikuwa kosa, na hakuna aliyejua zamu yetu ingefika lini. Pale Barabara ya Tom Mboya walituficha katikati ya gazeti la kila siku, wakawauzia wateja wanaowafahamu. Mmoja alinyang'anywa shehena nzima, akalala korokoroni. Alipotoka alikuja ofisini kuomba nakala zaidi, maana bei ilikuwa imepanda. Sisi tukikamatwa, mawakili walifika na mabalozi walipiga simu. Yeye alikuwa na mkewe tu wa kumletea chai.

Mwaka 1992 nilitumwa Molo wakati wa mapigano ya kikabila. Nyumba zilikuwa zimeteketezwa na familia zimejaa kwenye viwanja vya makanisa. Nilirudi na majina ya wanasiasa waliotajwa kuwachochea washambuliaji. Mhariri alitaka kila jina lithibitishwe na watu wawili wasiofahamiana, la sivyo alifute. Alifuta mengi. Marafiki zetu wa upinzani wakatuita waoga, nami kwa hasira nilikaribia kuwaunga mkono. Leo nasema alifanya sawa: watu walikuwa wakichinjwa kwa sababu ya makabila yao, na jina lililotajwa ovyo lingeweza kuchoma kijiji kingine. Yaliyobaki tuliyachapa kwa herufi kubwa. Septemba 1993 serikali ikazitangaza Molo, Londiani na Burnt Forest kuwa maeneo maalumu ya usalama, wanahabari wasikanyage.

Vyama vingi vilikuja, majarida mengi yakafa kwa madeni, letu likiwamo. Ile sheria ya fomu haikufa. Mwaka 2002 Bunge liliipandisha dhamana kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja, na mchuuzi anayeuza chapisho lisilowekewa dhamana akawekewa adhabu yake.