Tulikubaliana Kuachana, Baraza Likauliza Habari za Nyumba

Watu wazima wawili wakishakubaliana kuachana, dola inataka nini tena kwao? Swali hilo nilikuwa nalo moyoni asubuhi ile mimi na mama watoto wangu tulipokwenda mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, hapa Sanya Juu. Nilikwenda kama mtu anayefuata muhuri. Mkononi nilikuwa na karatasi ya ukurasa mmoja, niliyoichapa mwenyewe na tuliyoitia saini sote wawili: hatudaiani, watoto watakaa na mama yao siku za shule na kwangu wakati wa likizo, kila mmoja atabaki na alicho nacho.

Hatukuwa tumepigana, wala hapakuwa na mtu wa tatu. Yeye ni muuguzi. Alihamia Moshi mjini kwa ajili ya kazi, akapanga chumba, na kidogo kidogo akaacha kurudi. Mimi nilibaki katika nyumba yetu, iliyojengwa juu ya kihamba alichonigawia baba yangu. Miaka minne ikapita. Tukawa tunazungumza kwa simu kuhusu ada na homa za watoto, kwa heshima ambayo hatukuwa nayo tulipoishi chini ya paa moja.

Mwenyekiti wa Baraza aliniuliza: "Mwalimu, nani kamkosea mwenzake?"

Nikajibu kwamba hakuna. Kwetu mtu akikosa hupeleka jani la isale kuomba radhi; sisi hatukuwa na wa kumpelekea mwenzake isale. Mzee akaweka kalamu mezani. "Sasa mimi niandike nini?"

Ndugu msomaji, mzee yule hakukosea kuuliza. Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, haivunji ndoa kwa sababu tu wenye ndoa wametaka. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo: uzinzi, ukatili, kutelekezwa na mengineyo. Makubaliano ya kuachana hayamo katika orodha hiyo. Limo, hata hivyo, jambo ambalo wengi hawalifahamu: kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3. Hilo ndilo lililotuokoa sisi.

Wasiokuwa na miaka hiyo mitatu hushawishika kutunga ugomvi. Jamaa yangu mmoja alishauriwa akiri ukatili ambao hakuutenda, ili shauri lake limalizike upesi. Alikiri. Leo neno hilo limo katika jalada lenye jina lake, na watoto wake wanajua kusoma. Uingereza, ambayo sheria zetu nyingi zina asili kwake, tangu tarehe 6 Aprili 2022 inawaruhusu wanandoa kupeleka ombi la pamoja, bila yeyote kumtuhumu mwenzake. Sisi bado tunaingia mahakamani mmoja akiwa mdai na mwingine mdaiwa, hata kama tumepanda basi moja kwenda huko.

Hayo ndiyo malalamiko niliyokusudia kuyaandika, na ningeishia hapo kama si mama mmoja, mjumbe wa Baraza, aliyekuwa kimya muda wote. Aliisoma karatasi yangu mara mbili, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mwanangu, hapa imeandikwa kila mmoja abaki na alicho nacho. Wewe una nini?"

Mke wangu akasema ana kitanda, jiko la gesi na vyombo.

"Na ile nyumba ya kihambani ilijengwa kwa fedha ya nani?"

Akanitazama kwanza mimi, ndipo akajibu. Mwaka 2011 alikopa shilingi milioni 12 katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwao. Bati, mbao na saruji vilitoka humo. Mkopo ulikatwa katika mshahara wake kwa miaka minne, nami wakati huo nikisomea shahada ya uzamivu. Yote hayo niliyajua. Nilipokuwa nikichapa karatasi ile sikuona kama nadhulumu. Niliona naandika mambo yalivyo, kwamba kihamba ni cha ukoo, na nyumba huifuata ardhi. Yeye alitia saini kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu tangu utoto alifundishwa kwamba mwanamke haondoki na kitu cha kihambani.

Sheria ile ile niliyoilaumu inasema vingine. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, izingatie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na ielekee kwenye usawa. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa nayo huingia hesabuni ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango.

Tuliandika karatasi nyingine. Kihamba kimebaki, fundi alikadiria thamani ya nyumba, nami namlipa nusu yake kwa awamu. Ndugu zangu waliniuliza nimerogwa na nani. Baraza lilitupatia hati ya kushindwa kutusuluhisha, ambayo sheria inataka iambatishwe na ombi la talaka kabla ya kupita miezi 6. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa mashauri ya ndoa ina mamlaka sawa na mahakama za juu yake. Hakimu aliturudishia swali la yule mama, akamwuliza mke wangu peke yake, kisha akatoa talaka.

Katika miaka ya karibuni mjadala wa Sheria ya Ndoa umetawaliwa na vifungu vya 13 na 17 kuhusu umri wa kuoa na kuolewa, tangu shauri la Rebeca Gyumi la mwaka 2016, na ni haki iwe hivyo. Lakini siku Bunge litakapoifungua sheria hii, wanaharakati wasisahau mlango wa kutokea. Waliokubaliana waruhusiwe kupeleka ombi moja, bila mdai wala mdaiwa. Pamoja na ombi hilo waorodheshe mali yote na kueleza jinsi ilivyopatikana, kisha kila mmoja aulizwe pasipo mwenzake kuwapo. Na ninyi watumishi wa kata, msione haya kuuliza habari za nyumba mbele ya watu wanaosema hawana ugomvi.

Mimi nina shahada tatu, na makubaliano niliyoyaandika yalisahihishwa na mama ambaye sikupata hata kumwuliza jina. Bado nina awamu mbili za kulipa.